Nyumba Namba Saba na Familia ya Fremu

Hapo si kale sana, maana wino wa mihuri bado unatuchafua vidole, palikuwa na nchi yenye kila kitu isipokuwa jadi. Mimi ni raia wake, tena mwaminifu. Naitwa Shaweji, mjumbe wa nyumba kumi mtaa wa Kichangani, na kazi yangu ni kujua nani kalala wapi, nani kafiwa, na nani kapokea mgeni bila kuniarifu. Jina la nchi silitaji. Hubadilishwa kila akiingia Rais mpya, na nisingependa hadithi ichakae kabla hamjaimaliza.

Ninaposema hatukuwa na jadi, si maneno yangu, ni ya Serikali. Sisi wenyewe tulidhani tunayo. Kwetu mtoto alilelewa na aliyekuwa karibu. Bibi alilea wajukuu, mjomba alilea wapwa, wake wenza walizeeka pamoja baada ya mume kufariki, na huko mikoa ya ziwani mwanamke mwenye ng'ombe wengi asiye na mtoto alioa mke, kwa vigelegele na ngoma ya siku tatu, na watoto waliozaliwa wakaitwa wa nyumba yake. Waziri wetu wa Familia, Mheshimiwa Dokta Gesogwe, alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Alikuwa na mama wawili, Bi Nyangi aliyeoa na Bi Boke aliyeolewa, na kila alipopata cheo kipya walikuja wote kumshangilia, mmoja kamshikia mwenzake mkoba. Tuliona ni kawaida. Ndivyo tulivyokuwa wajinga.

Basi Mheshimiwa akaalikwa mkutano wa mataifa huko ng'ambo, ambako kila waziri alitakiwa asimame aeleze familia ya jadi ya nchi yake ikoje. Wa kwanza akaeleza, wa pili akaeleza. Zamu yetu ilipokaribia, Mheshimiwa aliomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, na akajisaidia mpaka mkutano ukafungwa. Alirudi hotelini na aibu yake. Kesho yake, uwanja wa ndege, akamnunulia mkewe zawadi ya fremu ya picha.

Mnazijua fremu za dukani. Huja na picha yake ya mfano, ukifika nyumbani unaitoa unaweka yako. Ndani ya ile mlikuwa na baba kafunga tai, mama kacheka meno thelathini na mawili, mtoto wa kiume mmoja, wa kike mmoja, na mbwa kapakatwa kwenye kochi jeupe. Mheshimiwa hakuitoa. Aliitazama saa tisa nzima angani, na ndege ilipotua alikuwa ameshatambua kwamba hawa ndio mababu zetu.

Picha ikachapishwa nakala milioni nne, ikatundikwa shuleni, zahanati, mahakamani na kwenye machinjio. Kwenye kona palikuwa na kile kikaratasi cha bei, na hakuna ofisa aliyekuwa na mamlaka ya kukibandua. Kikachapishwa nacho. Siku hizi watoto wa darasa la tatu huulizwa kwenye mtihani kina maana gani katika mila zetu.

Hotuba ya uzinduzi ilitolewa uwanja wa mpira, jua la saa saba, na sisi wajumbe tulipewa mstari wa mbele ili tupige makofi kwa mpangilio.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akaanza, kidole kwenye picha. "Tangu enzi na enzi, kabla ya mkoloni, kabla ya chuma, kabla masika hayajapangiwa miezi yake, babu zetu waliishi hivi! Baba mmoja! Mama mmoja! Watoto wawili! Na kochi!"

Tukapiga makofi. Bibi mmoja nyuma yangu akanyoosha mkono akauliza kama huyo mbwa naye analala ndani. Mheshimiwa akasema ni swali zuri na litaundiwa kamati. Wale mama zake wawili walikuwa wamekaa jukwaani na vitenge vyao vya sare, wakipiga vigelegele kwa mtoto wao, na hakuna kati yetu aliyeona tatizo lolote. Nadhani hata yeye hakuona, siku ile.

Ikaja Sensa ya Familia Halisi. Kila mjumbe alipewa fomu kumi, kalamu moja na nakala ya picha ya kulinganishia. Nilianza Namba Moja asubuhi na mapema. Hawakulingana. Namba Tatu niliwakuta bibi na wajukuu saba, hakuna baba hata wa kuazima. Namba Tano walikaa wake wenza wawili wa marehemu Mtoro, Bi Riziki na Bi Mwanahawa, ambao mume alipofariki watu walidhani watatawanyika, nao wakanunua kitanda kikubwa zaidi wakaendelea na maisha. Nyumba yangu mwenyewe, mgane nisiye na mtoto, nilikaa mimi na jogoo. Kufika saa sita nilikuwa sijapata hata kaya moja yenye kochi.

Nikabisha hodi Namba Saba.

Hapo waliishi Mzee Ngwali, fundi wa vitanda, na Mzee Chitemo, aliyekuwa mpiga kengele wa stesheni ya reli mpaka reli ikafa. Walihamia pamoja mwaka wa mafuriko, vijana wenye sanduku moja la bati, na wakati wa sensa walikuwa wametimiza miaka thelathini na tisa pale. Msidhani mtaa haukuwa na macho. Ulikuwa na macho na ulikuwa na adabu, na kati ya hivyo viwili mambo mengi yalipita salama. Wapo walionong'ona, na ndugu zake Ngwali walikuwa hawakanyagi. Lakini kadi ya harusi iliandikwa majina mawili, na mmoja akija msibani peke yake watu walimuuliza mwenzie kapatwa na nini. Dada yake Chitemo alipofariki na kuacha kichanga, wao ndio waliokilea. Kile kichanga ni Tunu, sasa muuguzi, mwenye ulimi ambao madaktari wanaukimbia.

"Mjumbe karibu," akasema Chitemo. "Leo umekuja na kalamu, kuna jambo."

"Fomu tu, mzee wangu. Swali la nne, baba wa kaya ni nani? Swali la tano, mama wa kaya ni nani?"

Wakatazamana. Chitemo akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwandike Ngwali ndiye mama, maana ndiye anayenuna nikichelewa."

"Mimi?" Ngwali akaweka randa chini. "Na nani analia akisikiliza mchezo wa redio? Mjumbe, acha wazi hapo."

"Haiachwi wazi, mzee. Fomu ikiwa wazi inarudi, na ikirudi narudi mimi."

"Basi andika unavyotujua," akasema Ngwali, akarudi kwenye ubao wake.

Chini ya fomu palikuwa na mistari miwili ya maelezo ya mjumbe kuhusu uhusiano wa wanakaya. Nikafikiri vizuri, maana niliwapenda wazee wale na nilitaka Serikali nayo iwapende. Nikaandika hivi: Wanaishi kama nilivyoishi na marehemu mke wangu, ila wao hawagombani sana. Nikagonga muhuri. Nilitoka pale nikijiona nimewasifu, na nilikuwa na furaha siku nzima.

Wiki mbili baadaye gari la Wizara lilisimama mlangoni kwangu. Wakashuka maofisa watatu, wakanipa mkono, wakaniuliza kama kweli niliandika maneno yale kwa mkono wangu. Nikasema ndiyo, kwa kujigamba kabisa. Wakanipa cheti cha Mjumbe Mwenye Jicho. Nilikitundika ukutani kabla sijauliza ni cha nini.

Kumbe fomu yangu ilikuwa imepanda ngazi mpaka Bungeni. Mheshimiwa alisimama akasema watu wa namna hii hawajawahi kuwepo katika historia ya nchi yetu, na ikaundwa Tume ya Kuthibitisha Kutokuwepo. Ilikuwa na wajumbe kumi na wawili: maprofesa, viongozi wa dini, majaji wastaafu na kanali mmoja. Hawa walikuwa watu makini. Waliona hawawezi kuthibitisha kwamba kitu hakikuwepo bila kwanza kukusanya kila mahali ambapo hakikuwepo.

Wakafungua majalada ya mahakama za wakoloni. Hawakuwepo, kurasa mia nne. Wakasikiliza nyimbo za harusi za pwani na za bara. Hawakuwepo, ubeti kwa ubeti. Mzee mmoja wa nyanda za juu aliwaeleza kwa saa sita habari za ami yake na rafiki yake mpiga ngoma, ambao hawakuwepo katika kijiji kile kwa miaka hamsini na walizikwa makaburi ya jirani. Kanali alilia, wanasema, kisha akaomba machozi yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Ripoti ikatoka juzuu saba. Ni historia yao ya kwanza kuandikwa katika nchi yetu, imejaa majina, tarehe na ramani, na ukurasa wa kwanza unasema hawapo.

Likabaki tatizo la jina, maana sheria haiwezi kumkataza mtu asiyeitwa chochote. Majina ya mitaani yalikuwepo, lakini mengine yalikuwa matusi na Spika hakuruhusu yasomwe, na mengine yalikuwa ya heshima mno. Bunge likakaa wiki tatu. Mwishowe karani mmoja akakumbusha kwamba fomu ina makundi kumi ya wanakaya na hawa hawamo katika lolote. Wakaitwa Kundi la Kumi na Moja, kwa kauli moja na makofi.

Tangu hapo kila asubuhi saa moja na robo, baada ya hali ya hewa, redio ilitangaza dalili za Kundi la Kumi na Moja ili wananchi wajihadhari. Sasa sikilizeni kilichotokea. Huko vijijini kulikuwa na watu waliokaa peke yao miaka yote, kila mmoja akidhani ni yeye tu Mungu aliyemuumba hivyo, hana hata neno la kujiita. Serikali ikawapa neno. Ikawapa historia ya juzuu saba. Ikawaambia kwamba wako laki mbili na wanazidi kuongezeka. Barua zikamiminika wizarani: Ndugu Katibu, nimesikia dalili za kundi letu redioni na zote ninazo, naomba kujua mikutano hufanyika lini. Wizara haikumwacha hata mmoja bila majibu. Kila barua ilijibiwa kwa askari.

Nilikwenda Namba Saba kuomba radhi, ingawa nilijifanya nimefuata kiti cha kutengeneza. Chitemo alikuwa kabandika sikio kwenye redio.

"Umesikia, Ngwali? Laki mbili! Mimi nilidhani ni sisi na yule mwalimu wa stesheni ya tatu."

"Zima."

"Tuko wengi, bwana. Miaka thelathini na tisa, na hakuna aliyetuambia."

"Jana nilikuwa Ngwali fundi vitanda," akasema mwenzake. "Leo nikipita sokoni watu wananihesabia dalili. Sikuomba wenzangu laki mbili. Zima redio, Chitemo."

Chitemo akazima, lakini uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake stesheni ya ugenini. Ngwali akanigeukia mimi.

"Mjumbe, ulipoandika yale ulifikiri nini?"

"Nilifikiri nawasifu, mzee."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia. Hilo nalo limenichosha."

Matokeo ya sensa yalipotoka, katika kila kaya mia moja, nne tu zililingana na fremu, na kati ya hizo tatu zilikuwa za maofisa wa sensa. Taifa likaonekana lina baba pungufu na bibi wa ziada. Ikapitishwa Sheria ya Kusawazisha Kaya. Walio zaidi wangetolewa walipozidi wapelekwe walipopungua, kwa lori, hadi kila nyumba ifanane na picha.

Orodha ikabandikwa mlangoni kwangu. Mimi, kwa kuwa ni mgane, nilipangiwa mbwa kwanza, mke angefuata awamu ya pili. Ngwali abaki Namba Saba, apokee mke, naye ni Bi Riziki wa Namba Tano, atolewe kwa Bi Mwanahawa aliyekaa naye miaka thelathini. Na Chitemo? Chitemo amepangiwa kuwa Baba, Daraja la Pili, katika kaya ya Bi Wande, Mkoa wa Mbali, safari ya siku mbili. Watoto wa kupewa malezi: sita. Mkubwa ana umri wa miaka arobaini na minne.

Tunu alikuja kwangu na sare yake ya hospitali. Hakunisalimu.

"Vaa viatu, mjumbe. Wewe ndiye uliyeandika, twende ukafute."

Ofisi ya Usawazishaji ilikuwa na dirisha moja na karani mmoja, mpole sana. Alitusikiliza kwa heshima zote.

"Kupinga uhamisho kunaruhusiwa," akasema. "Sharti mwombaji awe mwanafamilia. Wewe dada ni nani kwake?"

"Mtoto wake."

"Mtoto wa yupi?"

"Wa wote wawili."

Akafungua juzuu ya kwanza, akaipitishia kidole. "Hao ni Kundi la Kumi na Moja, na Kundi la Kumi na Moja hawapo. Asiyekuwepo hawezi kuwa na mtoto, dada yangu. Pole sana."

"Kama hawapo," Tunu akasema, "keshokutwa lori linakuja kumchukua nani?"

Karani akafikiri kweli. Nilimwona anafikiri. "Hilo ni dirisha lingine," akasema, "na bado halijajengwa."

Akatushauri tumwone Waziri, kwa kuwa ni yeye tu mwenye uwezo wa kugusa orodha. Kesho yake tulikaa kwenye korido yake siku nzima bila kula, na jioni tukaruhusiwa kwa sababu ya cheti changu. Mheshimiwa alikuwa amekonda. Tunu alisema yote: sanduku la bati, kichanga, ada ya shule waliyomlipia yeye asiye na mama, jinsi Ngwali alivyomtengenezea kitanda kila alipokua kikawa kifupi. Mwisho akasema, "Na wewe Mheshimiwa ulilelewa na wawili. Nchi nzima inawajua."

Mheshimiwa akainuka, akafunga mlango, akarudi akakaa.

"Mama zangu walichukuliwa Jumanne ya wiki iliyopita," akasema. "Bi Nyangi yuko kaskazini, ni bibi katika kaya ya mkuu wa wilaya. Bi Boke yuko kusini kwa mume aliyepangiwa. Walitaka waziri awe mfano. Mnadhani sikulia?"

"Nani waliotaka?" nikauliza.

"Sheria."

"Si wewe uliyeitunga?" Tunu akasema.

"Niliitunga, mwanangu. Nikaisaini, ikatoka kwenye mlango huo." Akauonyesha. "Ikarudi na orodha, nami nimo. Nikilifuta jina moja watauliza kwa nini sikuwafuta mama zangu. Na mimi mwenyewe nitajiuliza."

Alitusindikiza hadi mlango wa nyuma. Sikuwahi kudhani nitamwonea huruma Waziri, lakini nilimwonea, na Tunu alinichukia zaidi kwa hilo.

Lori lilifika saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Mtaa mzima ulitoka ukasimama, na nasema ulisimama kwa kuwa hakuna kingine ulichofanya. Bi Riziki alikuwa tayari kaletwa na kibegi chake, kasimama uani kwa watu huku macho yakiwa Namba Tano, ambako Bi Mwanahawa alikuwa kajifungia. Chitemo alimwita pembeni.

"Vidonge vyake vya presha ni viwili, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Atakwambia kashameza. Mwongo. Mtazame mpaka koo lisogee."

"Sema polepole, shemeji, niandike," akasema Bi Riziki, akatoa kijidaftari na kukiegemeza kwenye paja. Akaandika kila kitu. Mguu upi unamuuma, upande upi analalia, kwamba asiulizwe habari za kaka zake. Alikuwa akiandika na kufuta machozi kwa kiwiko, na nadhani hakuwa akimlilia Chitemo peke yake.

Ofisa wa lori akasoma kanuni kwa sauti. Kuagana kwa Kundi la Kumi na Moja ni kushikana mikono, kulia kwa kulia, sekunde tano, mjumbe asimamie muda.

Ngwali akatoka na vumbi la mbao mikononi. Aliifuta mikono kwenye suruali mara nyingi, mpaka ofisa akamwambia inatosha. Wakashikana. Saa niliishika mimi. Niliwaongezea sekunde tatu, na hiyo ndiyo jeuri yote niliyowahi kuifanyia Serikali. Kisha nikasema, "Tayari," na wakaachiana, kwa sababu niliwaambia.

Tunu alipanda lorini kumsindikiza baba yake, akashushwa kwenye kizuizi cha kwanza kwa kukosa uhusiano.

Nyumba zangu kumi zikatangazwa Mtaa wa Mfano. Miezi mitatu ikapita, Bi Riziki akimtazama mumewe wa kupangiwa mpaka koo lisogee, kila asubuhi na kila jioni, na baada ya hapo akivuka kwenda kukaa kimya na Bi Mwanahawa mpaka saa ya kupika. Ndipo nikapata barua kutoka Mkoa wa Mbali, mwandiko wa mtu mzima. Alikuwa Lugembe, yule mtoto mkubwa wa Bi Wande.

"Shikamoo Mjumbe," aliandika. "Sisi huku tumepokea baba kama tulivyoamriwa, na hatuna ubaya naye, ni mtu mwema na watoto wangu wanampenda. Lakini hali chakula. Mama amejaribu ugali, amejaribu wali, amechinja kuku wawili. Anashukuru, anasukuma sahani. Sasa hainuki. Tafadhali tuulizieni kwao anakula nini."

Nilimsomea Ngwali uani. Alisikiliza na randa mkononi, kisha akasema chukua kalamu. Sikuwahi kumsikia Mzee Ngwali akisema maneno mengi kiasi kile. Maharage, yaungue kidogo chini, ndivyo alivyoyazoea kwa miaka yote kwa kuwa mpishi alikuwa na haraka. Chai isiwe na tangawizi. Asipewe chakula kwenye sahani ya peke yake, hawezi, lazima awepo mtu wa kula naye sahani moja, hata kama ni mtoto, na mtu huyo asiseme kula, aanze tu kula. Akiamka ana hofu, aambiwe treni imeshapita salama, atalala. Niliandika kurasa nne. Aliposimama kupumua sikumtazama usoni, nilitazama wino ukikauka.

Siku hizi barua yoyote inayovuka mkoa hubandikwa karatasi ya njano, na mjumbe hujaza. Jina la mwenye maneno, jina la mtu anayezungumziwa, na huyo wa kwanza ni nani kwa huyo wa pili. Ikionekana ni Kundi la Kumi na Moja juu ya Kundi la Kumi na Moja, barua huchanwa na waandishi hufuatwa. Nikajaza la Ngwali, nikajaza la Chitemo. Kalamu ikafika hapo pa tatu, nikaisimamisha nikamtazama.

"Andika jirani," akasema Mzee Ngwali.

"Jirani, mzee?"

"Jirani wa karibu."

Nikaandika. Akainama, akaisoma karatasi ile kwa muda, midomo ikitikisika.

"Futa hiyo karibu," akasema. "Watauliza karibu kiasi gani."

Nikaifuta.